Kuvuta gari la zamani la mbio kwa tela la wazi: mwongozo kamili kwa wa Arusha na Moshi

Kosa ni lile lile kila msimu. Gari limepakiwa Njiro, mikanda imekazwa mpaka inalia kama uzi wa gitaa, na kufika Maji ya Chai mikanda miwili inaning'inia, tela linacheza mkia, na dereva amekakamaa kwenye usukani. Wengi hudhani dawa ni mikanda minene zaidi. Siyo. Gari lilikaa mahali pasipo pake juu ya tela, na mikanda ilifungwa kwenye bodi badala ya ekseli au magurudumu. Ukirekebisha hayo mawili, sehemu kubwa ya matatizo inaondoka.

Mwongozo huu unahusu tela la wazi la ekseli mbili, lenye njia mbili za matairi na rampu za kuchomoa, likivutwa na pikapu au Land Cruiser. Magari yanayozungumziwa ni yale ya zamani ya rali na mbio: Datsun 240Z na 160J, Ford Escort, Peugeot 504, Porsche 911. Kwa gari zito kuliko hayo hesabu zinabadilika, ila mpangilio wa hatua unabaki.

Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

Mikanda 4 ya racheti yenye upana wa milimita 50. Kila mmoja uwe na lebo inayosomeka LC 2,500 daN, yaani uwezo wa kuhimili mvuto wa takribani kilo 2,500. Mkanda usio na lebo ni kamba tu. Ongeza mkanda wa tano kama akiba.

Vitanzi 4 vya kuzungushia ekseli au mikono ya chini ya springi, au nyavu 4 za kufunika tairi. Kabari 4 za mbao ngumu au raba. Vipande vya tyubu kuukuu ya pikipiki, vya kukinga mkanda usisuguane na chuma chenye makali.

Magogo 2 ya mbao au stendi 2 za chuma za kuegemeza mkia wa tela. Jeki inayofika chini ya ekseli ya tela, spana ya nati za tairi za tela (mara nyingi siyo saizi ya nati za gari la kuvuta, jaribu kabla), na tairi la spea la tela lenyewe.

Mizani ya bafuni, tofali moja, na ubao mnene wa mita 1.2. Hivi ndivyo vitu vinavyosahaulika kuliko vyote, na ndivyo vinavyozuia tela kuyumba.

Kizimamoto, pembetatu 2 za kuakisi, glavu, tochi, fyuzi za akiba, geji ya upepo. Kizimamoto kikae ndani ya gari la kuvuta. Kikiwa juu ya tela, ndani ya gari linaloungua, hakimsaidii mtu.

Hatua ya 1: Jumlisha uzito

240Z ya kawaida ina takribani kilo 1,050. Weka mabomba ya usalama ndani, bamba la kukinga injini, matairi mawili ya akiba na sanduku la spana, unafika 1,200 bila kujua. Tela la ekseli mbili ni kilo 600 hadi 900, tuchukue 700. Jumla 1,900.

Sasa fungua kitabu cha gari la kuvuta utafute namba mbili: uzito wa tela lenye breki na uzito wa tela lisilo na breki. Namba ya pili mara nyingi ni kilo 750 tu. Maana yake ni kwamba tela la gari lisilo na breki zake halifai hata kama pikapu yako ina nguvu za kulivuta. Kuvuta ni kazi rahisi. Kazi ni kusimama.

Pikapu na tela kwa pamoja vitavuka kilo 3,500 kirahisi. Ukikuta mizani ya barabarani, ingia. Usipite ukidhani ni ya malori peke yake. Beba kadi ya tela na bima yake, na uulize kampuni yako ya bima kwa maandishi kama gari lililo juu ya tela limo kwenye bima yoyote. Mara nyingi halimo.

Hatua ya 2: Kagua tela likiwa tupu

Matairi kwanza. Matairi ya gari dogo hayafai hapa. Tairi la 185/70R14 lenye alama 88 (namba ya uwezo wa kubeba, baada ya saizi) linabeba kilo 560. La 185R14C lenye alama 102 linabeba kilo 850, na kuta zake ni ngumu, hazipindi tela likisukumwa na upepo wa basi. Soma tarakimu nne za mwisho za namba ya DOT iliyo ubavuni mwa tairi: 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi la tela huzeeka kwa kusimama juani kabla kashata (meno ya tairi) haijaisha, kwa hiyo angalia nyufa ubavuni. Tairi la mtumba lenye kashata nzuri na nyufa ubavuni ni baya kuliko lililolika. Upepo wa 185R14C kwa mzigo kamili ni psi 65, siyo 32 kama wanavyojaza vijana wa upepo kwa mazoea. Tairi laini hupata joto, na joto ndilo linalopasua.

Beringi. Piga jeki, shika tairi juu na chini, tikisa. Mchezo mdogo sana unakubalika. Ukisikia "tok" inabidi kukaza. Zungusha gurudumu huku ukikaza nati ya kati mpaka iwe nzito kidogo, kisha ilegeze hadi tundu la splitpini lilingane, weka splitpini mpya. Ukiikaza na kuiacha hivyo, beringi itaungua kabla ya uwanja wa ndege wa KIA. Grisi iliyogeuka rangi ya maziwa imeingiliwa na maji: osha, paka mpya.

Taa. Plagi ya pini saba hufuata rangi hizi: njano ni indiketa ya kushoto, kijani indiketa ya kulia, nyekundu breki, kahawia taa ndogo ya kulia, nyeusi taa ndogo ya kushoto, bluu taa ya ukungu, nyeupe ni asi (waya wa kurudisha umeme, unaofungwa kwenye chasisi). Ukiwasha indiketa na taa zote za nyuma zikapepesa pamoja kwa unyonge, usibadilishe balbu. Waya mweupe wa asi umelegea au umeshika kutu. Kwaruza sehemu unapofungwa kwenye chasisi, kaza, paka grisi.

Umefaulu hatua hii kama magurudumu yote manne yanazunguka bila kelele, na mtu aliyesimama nyuma anataja kila taa sawa na unavyoiwasha.

Hatua ya 3: Unganisha

Pima tufe la chuma nyuma ya gari la kuvuta, na usome namba iliyogongwa kwenye kikombe cha tela. Kikombe cha milimita 50 kinataka tufe la milimita 50. Yapo matufe madogo ya milimita 47.6 kutoka kwenye vifaa vya Marekani, na ubaya wake ni kwamba kikombe cha 50 hukaa juu yake na kufunga kana kwamba kila kitu ni sawa, mpaka tuta la kwanza.

Baada ya kufunga komeo, inua mkono wa tela kwa jeki yake ya mbele. Mkia wa pikapu ukinyanyuka pamoja nao, kikombe kimeshika. Ukiachana, rudia.

Minyororo ya usalama ipitishe kwa kukingama chini ya kikombe, wa kushoto uende kulia. Kikombe kikichomoka, mkono wa tela utadondokea juu ya minyororo badala ya kuchimba lami. Waya wa kuvuta breki za dharura ufungwe kwenye chasisi ya gari la kuvuta, usiuning'inize kwenye tufe.

Tazama kwa ubavu: sakafu ya tela iwe sawa na ardhi. Mkono ukiwa juu kuliko mkia, mzigo unaegemea nyuma na tela linaanza kuyumba. Badilisha kimo cha tufe, usisubiri uzito wa gari uje kurekebisha.

Hatua ya 4: Andaa gari lenyewe

Mafuta yasizidi robo tangi. Mifuniko na mipira ya kupumulia ya matangi ya zamani huvuja ikitikiswa. Zima pampu ya umeme, funga koki ya mafuta kama ipo, zima swichi kuu ya betri baada ya kupandisha. Kabureta zisizo na kichujio ziba midomo yake kwa kitambaa safi kisha mfuniko. Vumbi la barabara ya vumbi likiingia, litafika kwenye silinda.

Jaza matairi ya gari mpaka psi 30 hivi. Watu huona jambo hili dogo, lakini tairi lenye tyubu inayovuja polepole linanywea, gari linashuka, na mkanda uliobana tairi unalegea wenyewe.

Boneti ifungwe kwa pini zake na uongeze mkanda mwembamba. Angalia bawaba ziko wapi. Boneti ya 240Z ina bawaba mbele, kwa hiyo gari likitazama mbele upepo unaikandamiza. Likipakiwa kinyumenyume, upepo unaingia chini ya ukingo na kuifungua.

Usifunike gari kwa turubai. Juu ya tela la wazi turubai hupigapiga, na vumbi lililo chini yake linageuka msasa. Rangi ya zamani haisameheki.

Hatua ya 5: Pandisha

Chagua ardhi ngumu na tambarare. Udongo mweusi uliolowa mvua za masika hautabeba miguu ya rampu.

Tela liwe limeunganishwa, hendibreki ya pikapu imevutwa, kabari kwenye magurudumu ya pikapu. Weka magogo chini ya mkia wa tela kabla gari halijagusa rampu. Bila magogo, magurudumu ya mbele yakifika ukingoni mkia unazama, mkono wa tela unanyanyua nyuma ya pikapu, na matairi ya nyuma yenye hendibreki yanapoteza mshiko. Hapo msafara mzima huanza kutembea.

Rampu zifungwe kwa pini zake kwenye tela. Rampu iliyoegemezwa tu hurushwa nyuma na tairi linalosukuma. Urefu nao una maana: sakafu ikiwa sentimita 55 kutoka chini, rampu ya mita 1.8 inapanda kwa nyuzi 18, ya mita 2.4 kwa nyuzi 13. Gari la rali lililoinuliwa litapita zote mbili. Gari la mbio za lami lililoshushwa litakwama bampa kwenye ile fupi.

Gari linalotembea lipandishwe kwa gia ya kwanza, polepole, mguu ukitoka kwenye mafuta mara magurudumu ya nyuma yakifika juu. Muongozaji mmoja tu, asimame mbele kwa upande, kamwe asikae katikati ya gari na pikapu. Gari lisilowaka livutwe kwa winchi, na mtu yeyote asisimame kwenye mstari wa waya. Hakikisha aliye ndani anajua kwamba injini ikiwa imezima, pedali ya breki yenye buusta inakuwa ngumu kama jiwe. Akanyage kwa nguvu.

Hatua ya 6: Tafuta mahali pa gari

Hapa ndipo safari inapoamuliwa. Mkono wa tela unapaswa kukandamiza tufe kwa takribani asilimia 10 ya uzito wote wa tela na mzigo. Kwa kilo 1,900 ni kilo 190. Ukiwa mwepesi sana, tela linacheza mkia. Ukiwa mzito sana, nyuma ya pikapu inazama, mbele inanyanyuka na usukani unakuwa mwepesi. Namba iliyogongwa kwenye kifaa cha kuvutia cha pikapu ndiyo mpaka wako: ikisema 150, lenga 140, na hakikisha haushuki chini ya asilimia 7.

Mizani ya bafuni haifiki huko, ila hesabu ya ubao inaifikisha. Weka tofali upande mmoja na mizani upande wa pili, laza ubao juu yake. Umbali kutoka tofali hadi mizani uwe sentimita 90. Sentimita 30 kutoka tofali, simamisha kipande cha mti chini ya kikombe cha tela, kwa kimo kile kile cha kusafiria. Soma mizani kabla ya kuweka mzigo, shusha mkono wa tela taratibu, soma tena, toa namba ya kwanza, kisha zidisha kwa 3. Ukipata 63, uzito ni kilo 189. Kabari ziwe kwenye magurudumu yote ya tela kabla ya kuliachanisha na pikapu, na magogo ya mkia yabaki, yakiachwa nafasi ya vidole viwili ili yasibebe uzito.

Namba ikikataa, sogeza gari. Kama kutoka kikombe hadi katikati ya ekseli mbili ni mita 3.5, gari la kilo 1,200 likisogea sentimita 10 linabadilisha uzito wa mkono kwa takribani kilo 34. Ndiyo maana kiganja kimoja cha kosa kinaonekana barabarani.

Magari yenye injini mbele kwa kawaida hupakiwa kichwa mbele. Porsche 911 ina injini nyuma, na mara nyingi haifiki asilimia 10 mpaka ipakiwe kinyumenyume. Ukifanya hivyo, kifuniko cha injini kinautazama upepo kwa ukingo wake unaofunguka, kwa hiyo kifunge kwa mkanda wa peke yake.

Ukipata mahali sahihi, piga alama ya rangi kwenye njia ya tairi, au chomelea kizuizi cha chuma. Hutapima tena mpaka mzigo ubadilike.

Hatua ya 7: Funga

Gari liwe kwenye gia ya kwanza, kabari mbele na nyuma ya magurudumu mawili. Usitegemee hendibreki peke yake.

Sababu ya kufunga chini ni hii. Mkanda ukivuta bodi, unabana springi. Kwenye kila tuta springi inabanwa zaidi, mkanda unalegea kwa nukta moja, na ndoano isiyo na ulimi inachomoka. Kati ya Arusha na Moshi matuta ni mengi mno kwa mchezo huo. Ukifunga ekseli au tairi, bodi inapanda na kushuka juu ya springi zake, na mkanda hausikii chochote.

Nyuma ya Escort, 160J au gari lolote lenye ekseli nzima ya difu, zungusha kitanzi kwenye bomba la ekseli, karibu na gurudumu. Kabla ya kukaza, pitisha kidole: bomba la breki lisiwe ndani ya kitanzi. Mbele, funga mkono wa chini wa springi karibu na gurudumu. Usifunge fimbo ya usukani, fimbo ya kuzuia kuinama, bampa, wala bomba la egzosi. Usipitishe mkanda kwenye matundu ya rimu za zamani za magnesiamu. Kingo zake zinakata, na rimu yenyewe inaweza kupasuka. Tumia wavu wa juu ya tairi.

Mikanda miwili ya mbele ivute kuelekea mbele, miwili ya nyuma ivute kuelekea nyuma, yote ikishuka kwa mteremko karibu na nyuzi 45. Ya nyuma ikingame, ili gari lisitembee pembeni. Mikanda ya nyuma ndiyo inayolizuia gari unapokanyaga breki, na breki kali inaweza kulisukuma mbele kwa nguvu inayofika asilimia 80 ya uzito wake. Kwa hiyo mkanda mpya kuliko yote uwekwe huko.

Kaza ya mbele kiasi, kaza ya nyuma mpaka mwisho, rudi mbele umalize. Racheti iwe na mizunguko miwili au mitatu ya mkanda. Ukijaza mingi inakataa kufunga. Sehemu iliyo kwenye upepo ipe nusu msokoto, itaacha kuvuma na kujisugua. Ncha iliyobaki ifungwe fundo, isiburuzike.

Umefaulu kama ukisukuma gari kwa bega, tela na gari vinatikisika kama kitu kimoja, na bodi bado inacheza juu ya springi zake.

Ondoa magogo ya mkia. Hesabu rampu na pini zake.

Hatua ya 8: Barabarani

Simama baada ya kilomita 10 za kwanza. Ukitoka mjini Arusha ni karibu na Tengeru. Ukitoka Moshi, tafuta kituo cha mafuta kabla ya Kikafu. Vitanzi vitakuwa vimekaa na mikanda itahitaji kubana mara moja au mbili. Hilo ni la kawaida safari ya kwanza. Wakati huo huo weka kiganja kwenye kila habu: vuguvugu ni sawa, usipoweza kushika kwa sekunde tano, beringi au breki inabana, usiendelee. Kaza nati za tairi tena ukifika kilomita 50.

Nenda 70 kwa saa, na 50 penye kibao cha 50. Kwenye tuta, punguza mpaka karibu usimame, na usikanyage mafuta mpaka ekseli zote mbili za tela zivuke. Wengi huongeza mwendo pikapu ikivuka, na tela ndilo linaloruka.

Kutoka Arusha hadi Moshi unashuka zaidi ya mita 400. Kabla ya bonde la Kikafu, rudisha gia ukiwa bado juu. Usishuke ukikanyaga breki mfululizo. Zikipata moto zinakuacha mahali pabaya kuliko pote.

Tela likianza kuyumba: toa mguu kwenye mafuta, shika usukani umenyooka, acha mwendo ushuke. Usipigane nalo kwa usukani, usikanyage breki ghafla, wala usiongeze mwendo ukidhani litanyooka. Likitulia, simama, rudi hatua ya 6. Tela halijiyumbishi bila sababu, na sababu haitaondoka mbele ya safari.

Hatua ya 9: Kushusha

Ardhi tambarare tena, magogo chini ya mkia tena, rampu na pini. Mtu akae ndani ya gari, mguu kwenye breki, ndipo mikanda ifunguliwe. Kabari zitoke mwisho kabisa. Racheti yenye mvutano inaruka. Uso uwe pembeni.

Baada ya mbio gari siyo lile lililopakiwa asubuhi. Mafuta yameisha, matairi ya akiba yamehamia kwenye pikapu, tope limeganda chini. Kama kuna vitu vimehama kutoka nyuma ya gari kwenda kwingine, alama yako ya rangi haitoshi: toa ubao na mizani, pima upya kabla ya giza.